Mara 15 za BCG kwenye kibofu: tathmini ya dawa, na ya mikono iliyoniwekea

Chupa yenyewe ni ndogo, ukiikunjia vidole inapotelea kiganjani. Ndani yake kuna unga mweupe ulioshikana chini kama chokaa iliyokaukia kwenye kopo. Unatiwa maji ya chumvi, unaachwa uloe, unazungushwa taratibu bila fujo, na baada ya muda unapata kitu chenye ukungu, kama maji uliyosuuzia brashi ya rangi nyeupe mara moja tu. Nimepiga rangi magari kwa miaka 32, basi macho yangu hukimbilia michanganyiko kabla ya kitu kingine. Mchanganyiko huu nimeandaliwa mara 16, na mara 15 uliishia kwenye kibofu changu. Ile mara moja iliyobaki nitaieleza, maana ndiyo iliyonifumbua macho.

Unga ule ni BCG. Ndiyo, BCG ileile ya kifua kikuu, iliyowaachia wengi wetu kovu juu ya mkono tangu utotoni. Kwenye kibofu inatumika kutibu saratani ambayo bado haijazama kwenye msuli. Dawa naipa nyota nne kati ya tano. Kituo nilichoanzia nakipa nyota moja. Kituo kilichonipokea baada ya dozi ya tatu nakipa tano, kasoro choo chao, na hilo nitalisema pia.

Ugonjwa wenyewe ulianza hivi. Asubuhi moja mkojo ulitoka mwekundu. Sikuumwa popote. Kesho yake ukarudi rangi yake, nikanyamaza. Ukaja tena baada ya wiki tatu, nikanyamaza tena. Miezi miwili ilipita hivyo kabla mama watoto hajaiona damu mwenyewe na kunishika mkono hadi kwa daktari. Kama unasoma hapa na wewe umeona damu mara moja tu, halafu ikaondoka, nakuomba usifanye nilivyofanya.

Waliingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo na wakanigeuzia skrini nione. Ukutani mwa kibofu kulikuwa na kitu kama tumbawe dogo, chenye vidole vidole, kikipepea ndani ya maji. Kilikuwa kizuri kwa kukitazama, na hilo lilinitisha zaidi. Daktari aliniuliza kazi yangu, kisha akaniuliza kuhusu sigara. Nilivuta kwa miaka 25. Sigara ndiyo inayoongoza kwa kuleta saratani hii, na kazi ya kupaka rangi nayo imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mambo yanayosababisha saratani. Nilikuwa nayo yote mawili.

Tumbawe lilikwanguliwa nikiwa nimelazwa usingizi, na baada ya wiki chache wakarudia kukwangua palepale ili kuhakikisha. Jibu la maabara: saratani ya daraja la juu, imeingia kwenye tabaka la chini ya utando, msuli haujaguswa. Mtu wa gereji anaelewa maana yake haraka. Kutu ukiipiga msasa ikang'aa hujamaliza kazi, maana vijitundu vyake vimebaki ndani ya bati, na miezi sita baadaye rangi inavimba mahali palepale. Saratani hii ina tabia hiyohiyo. Kwangu, daktari alisema, uwezekano wa kurudi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kukwangua peke yake kusingetosha, na akataja BCG.

Nilidhani ananitania. Chanjo ya watoto itafanya nini kwa saratani ya mtu wa miaka 61?

Habari yake ni ndefu na mimi naipenda, kwa hiyo nivumilie. Mwaka 1908 huko Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyotiwa nyongo na gliserini. Kila wiki chache wakawa wanawahamishia kwenye viazi vipya. Walihamisha mara 230, wakafika mwaka 1921, na kufikia hapo bakteria wale walikuwa wamepoteza makali ya kuleta ugonjwa huku mwili ukiwa bado unawatambua kama adui. Herufi B, C na G ni hao: basili wa Calmette na Guérin. Mwaka 1929 Mmarekani Raymond Pearl, akipekua kumbukumbu za maiti zilizochunguzwa, akaona kwamba waliokuwa na kifua kikuu walionekana kupatwa na saratani kwa uchache. Ni kama mwili ulioamshwa na adui mmoja ulikuwa unamwona na mwingine.

Ilichukua muda hadi mtu akalitumia wazo hilo kibofuni. Mwaka 1976 Alvaro Morales, daktari wa Kanada, alichapisha matokeo ya wagonjwa tisa aliowawekea BCG moja kwa moja kwenye kibofu, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Kwa nini sita? Kwa sababu BCG aliyoipata ilikuja imefungwa chupa sita sita. Leo, karibu nusu karne baadaye, mimi nami nimewekewa sita za mwanzo, moja kila wiki. Marekani iliidhinisha tiba hii rasmi mwaka 1990, na mpaka sasa ndiyo madaktari wanayoanza nayo kwa saratani ya kibofu ya aina yangu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kituo cha kwanza hakikunieleza kabisa, na ambalo kwangu ndilo kipimo cha huduma nzima.

Dawa za kemo zinazowekwa kibofuni, kama mitomaisini, huenda kuua seli zenyewe. BCG haifanyi kazi kwa mtindo huo. Bakteria wale hai, waliodhoofishwa, wanajishika kwenye ukuta wa kibofu, hasa pale palipochubuka, na wengine wanaingia ndani ya seli za saratani. Seli zikishaingiliwa zinatoa ishara za kemikali za kuita msaada. Wa kwanza kufika ni seli nyeupe za mstari wa mbele, zile zinazokimbilia kidonda. Nyuma yao wanakuja walaji wakubwa, wanaomeza bakteria na kuonyesha vipande vyake kwa wengine. Kisha wanafika seli T, ambao wanajifunza na kukumbuka. Katika vurugu hiyo seli za saratani zinauawa pamoja na bakteria. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kinga yako mwenyewe. Chupa ile inapiga kengele tu. Kinga iliyozubaa haitaamka vizuri. Kinga iliyofungwa kamba na dawa nyingine haitaweza kutoka. Na bakteria wakipita mahali wasipotakiwa kupita, kengele italia mwili mzima.

Ndiyo maana maswali wanayokuuliza kabla ya kukuwekea ni sehemu ya dawa. Sikulijua hilo kwenye kituo cha kwanza, na walionihudumia hawakufanya kazi kama watu wanaolijua.

Kule, dozi mbili za mwanzo zilikwenda salama. Unafika, unavua, unapitishiwa mpira wa mkojo, unawekewa, unaondoka. Hakuna aliyeniuliza lolote. Siku ya dozi ya tatu palikuwa na watu wengi, na aliyenipitishia mpira alikuwa na haraka. Ulikwama. Akausukuma. Nilihisi kitu kama kuchanwa, nikasema, na damu ikaanza kutiririka kwenye mpira, damu mbichi. Akafuta, akasema ni kawaida, akaunganisha bomba la sindano na kuingiza BCG yote palepale.

Usiku ule nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Kipimajoto kilisoma 39.4. Karatasi waliyonipa ilikuwa na namba ya simu; mama watoto alipiga mara saba, haikupokelewa. Tulikwenda hospitali nyingine alfajiri, na daktari kijana wa zamu akaniuliza swali moja lililobadilisha mambo yote: "Mzee, ulipowekewa, kulikuwa na damu?"

Nilipojibu ndiyo aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba njia ya mkojo ikichanika, bakteria wale wanapata mlango wa kuingia kwenye damu, na kwamba kanuni inasema ukiona damu ya namna ile unaahirisha angalau wiki nzima. Wakishaingia kwenye damu wanaweza kukaa kwenye ini au mapafu, na mtu akatibiwa kwa dawa za kifua kikuu kwa miezi. Hata hapo dawa zote haziwafai. Pirazinamidi, ambayo ni moja ya nguzo za tiba ya TB, haiwagusi bakteria wa BCG, kwa kuwa asili yao ni wa ng'ombe. Walinipima damu, ini na kifua, wakanilaza. Namshukuru Mungu homa ilishuka siku ya pili na haikurudi. Yule daktari kijana ndiye aliyenielekeza kwenye kituo cha pili. Cha kwanza sikukanyaga tena.

Kituo cha pili ni wodi ya mchana yenye vitanda vinne. Nesi anayesimamia BCG pale ni mwanamke wa makamo, mtulivu, ana daftari lake la mkono mbali na kompyuta, na hagusi kitu kabla ya kulijaza. Siku ya kwanza nilihisi ananihoji kama polisi. Umepata homa wiki hii? Mkojo unawasha kuliko wiki iliyopita? Umeona damu? Umemeza antibayotiki yoyote, hata kidonge kimoja ulichopewa na jirani? Unatumia dawa ya kupumulia, ya viungo, ya ngozi? Umekunywa maji mengi asubuhi? Umeona daktari wa meno?

Swali la meno nilimwuliza mantiki yake. "Kwa sababu ya antibayotiki, baba," akasema. "Hawa wadudu wako hai. Kuna vidonge vitawaua kabla hawajafanya kazi, halafu tutahesabu dozi ambayo haikuwepo." Nilikaa kimya. Miezi kadhaa nyuma, kabla ya yote haya, nilikuwa nameza siprofloksasini zilizobaki kila mkojo ulipowasha. Hiyo ni miongoni mwa dawa zinazowaua BCG. Sasa kila kidonge ninachoandikiwa popote nampigia simu kwanza, na simu ya pale inapokelewa.

Wiki iliyofuata nilimwona mama mmoja wa kitanda cha dirishani akirudishwa bila kuwekewa. Alikuwa anameza prednisolone kila siku kwa ajili ya viungo vyake, na hakuwahi kuisema kwa kuwa aliona viungo na kibofu havihusiani. Nesi alikaa kitandani kwake, akamshika mkono, akamweleza kwamba dawa ile inatuliza viungo kwa kuituliza kinga yote, na BCG inahitaji kinga iliyo macho. Tena kwa mwenye kinga iliyodhoofika bakteria hai wanaweza kumgeukia. Alimwandikia barua ya kumpelekea daktari wake wa viungo wapange upya. Yule mama alilia. Lakini hakuondoka akiwa ametupwa, aliondoka na barua na namba ya simu, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Ile dozi moja iliyomwagwa ilikuwa hapohapo, ya tano. Mpira ulipita vizuri kabisa, polepole, na jeli nyingi, lakini mwishoni mkojo uliotoka ulikuwa na wekundu. Sio mwingi. Rangi ya maji uliyotupia kitone kimoja cha rangi nyekundu. Nesi aliunyanyua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akautazama muda mrefu. BCG yangu ilikuwa tayari imechanganywa, imelazwa kwenye trei pembeni. Ikishachanganywa inatakiwa kutumika ndani ya saa mbili, haihifadhiki. Na tulikuwa tunajua wote pale kwamba dawa ni haba, maana kwa miaka mingi sasa BCG ya kibofu inapungua mara kwa mara duniani kote. Viwanda vinavyoitengeneza ni vichache, na bakteria hawa wanakua kwa uvivu, kwa hiyo kiwanda kimoja kikiyumba, wagonjwa wa nchi nyingi wanaahirishiwa.

"Leo hapana," akasema. Akautoa mpira.

Nilimbishia. Nilimwambia damu ni kidogo, nilimwambia nimesafiri, nilimwambia mwenzako kule aliweka na damu ilikuwa mara kumi ya hii. Akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Na ukatetemeka usiku kucha. Rudi wiki ijayo, baba. Kinga yako haitasahau kwa sababu ya wiki moja." Alipoibeba ile trei kwenda kuimwaga aliishika kwa mikono miwili.

Maneno yake niliyapeleka kwa daktari, nikauliza kama ni ya kunifariji tu. Daktari akasema ni kweli kabisa. Dozi za mwanzo zinafundisha, za baadaye zinavuna. Ukipima mkojo wa mgonjwa baada ya dozi ya kwanza unakuta seli nyeupe na zile kemikali za ishara kwa kiasi kidogo. Kadiri wiki zinavyokwenda vinapanda, kwa sababu seli T walishakutana na adui na sasa wanakuja wakiwa tayari. Mimi nilikuwa nimeliona hilo mwilini bila kulijua. Baada ya dozi ya kwanza sikuhisi kitu. Baada ya ya pili nilichomwa kidogo. Kuanzia ya nne, ilikuwa kila jioni ya siku ile ni chooni kila baada ya dakika 20, mkojo unachoma, mwili una uchovu kama wa mafua, joto linagusa 38, na kesho yake alasiri yote yamekwisha. Ni kama koti za rangi: la kwanza hulioni, la tano ndilo linaloonyesha kwamba yaliyotangulia yalishika.

Niliuliza kama kuchomwa zaidi ni ishara ya kupona zaidi. Daktari alikataa kunipa jibu la mkato. Kuchomwa kunaonyesha kinga imeamka, alisema, lakini wapo waliopona bila kuumia na wapo walioumia na ugonjwa ukarudi, kwa hiyo asiyeumwa asikate tamaa na anayeumwa asivumilie kimya. Homa inayopita 38.5 na kung'ang'ania zaidi ya siku moja, unapiga simu. Hilo aliniandikia kwa herufi kubwa.

Saa mbili za kukaa na dawa zinastahili maelezo, kwa sababu ndipo watu wengi wanaposhindwa. Asubuhi hunywi vitu vingi, saa nne kabla ya kuwekewa unajizuia, ili mkojo usije ukaizimua dawa wala kibofu kisijae mapema. Mchanganyiko ni mililita 50 tu, lakini unaingia ukiwa na ubaridi, na unausikia unavyopanda, mstari wa baridi kutoka chini ya kitovu. Kisha unalala. Pale wananitaka nigeuke kila robo saa: chali, ubavu wa kulia, kifudifudi, ubavu wa kushoto, ili kila upande wa ukuta uguswe. Nimetega kengele kwenye simu. Dakika 90 za kwanza ni rahisi. Kuanzia hapo kibofu kinaanza kuuliza, na robo ya mwisho nimekuwa nikihesabu vigae vya dari. Viko 84 juu ya kitanda cha tatu. Kuna siku nimefika saa moja na dakika 40 nikashindwa, na nesi hakunigombeza. Aliandika kwenye daftari tu.

Ukimaliza unakojoa umekaa, hata mwanamume, ili isiruke. Unamimina dawa ya klorini chooni, unaacha dakika 15, ndipo unavuta maji, na hivyo kwa saa sita zote zinazofuata, hata nyumbani. Ni bakteria hai, na nyumbani kuna wajukuu. Na hapa ndipo penye kasoro ya kituo cha pili: choo ni kimoja kwa vitanda vinne na kwa wasindikizaji wote. Klorini ipo, lakini mtu ana dakika 15 za kusubiri na nje kuna mwingine amebana kibofu chenye dozi. Nimewaandikia kuhusu hilo mara mbili. Wamejibu kwa heshima na choo bado ni kimoja.

Je, inafanya kazi? Kwa wenye saratani iliyotandaa juu juu kwenye utando, ile bapa isiyo na tumbawe, takribani 7 kati ya 10 ugonjwa hupotea kabisa baada ya awamu ya kwanza. Lakini kinga husahau, ndiyo maana kuna dozi za kuikumbusha: tatu mwezi wa 3, tatu mwezi wa 6, kisha wa 12, na kuendelea hivyo hadi miaka 3. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha waliopewa zile sita tu na waliopewa za kukumbusha. Muda wa kati bila ugonjwa kurudi ulikuwa miezi 35.7 kwa wa kwanza na 76.8 kwa wa pili. Zaidi ya mara mbili. Kwenye utafiti huohuo, waliofanikiwa kumaliza ratiba yote ya kukumbushwa walikuwa 16 kwa kila 100. Nilipoisoma namba hiyo ya pili nilifikiria mpira uliosukumwa kwa nguvu, simu isiyopokelewa, usiku wa kutetemeka. Najua kwa nini mtu anaacha. Mimi mwenyewe ningeacha kwenye ya tatu kama nisingepata pa kwenda.

Nyota niliyoinyima dawa ni kwa ajili ya wale ambao haiwafai. Wapo, na si wachache. Kuna saratani zinazojifunza kujificha: seli zinavaa juu yake protini inayowaambia seli T "mimi ni wa nyumbani, nipite", na seli T waliofika na hasira zao wanatulia mlangoni. Kwa muda mrefu jibu la BCG kushindwa lilikuwa kukitoa kibofu chote, na bado ndilo jibu linaloaminika zaidi. Lakini Januari 2020 Marekani iliidhinisha pembrolizumab, ambayo inapewa kwa dripu, kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ile bapa ambao BCG haikuwasaidia na ambao hawawezi au hawataki kutolewa kibofu. Dawa hiyo inaziba mahali seli T wanaposomea ule ujumbe wa uongo. Mwaka 2024 ikaidhinishwa nyingine inayochanganywa na BCG yenyewe ili kuwaongezea nguvu seli za kinga. Zote mbili zinarudi kulekule, kwenye kinga ya mgonjwa. Mwenzangu mmoja wa wodini yuko kwenye dripu ile sasa. Tezi yake ya shingo ilishambuliwa na kinga yake mwenyewe na anameza kidonge cha homoni kila asubuhi, kibofu chake kimebaki safi mpaka kamera ya mwisho, na anasema biashara hiyo anaikubali.

Kwa anayekwenda kuanza, ushauri wangu wa kuchagua mahali ni mfupi. Siku ya kwanza, kabla hujavua nguo, sikiliza unaulizwa nini. Wasipokuuliza kuhusu damu, homa na vidonge, waulize wewe. Waulize pia nani atapokea simu saa nane usiku. Na mwambie anayekupitishia mpira aende polepole. Una haki hiyo, na mtu mzuri hatakasirika.

Kamera yangu ya mwezi wa 12 ilikuwa safi. Daktari alinigeuzia tena skrini. Mahali palipokuwa na tumbawe pana kovu jeupe, la mviringo, limezama kidogo katikati. Nilikunja mkono wa shati nikamwonyesha lile la begani. Akayatazama yote mawili, akatabasamu, akaandika tarehe ya dozi za mwezi wa 18.